Zabibu za Mama Mkwe

Ilikuwa mwaka wa nane wa ndoa yake, na ndiyo kwanza mpishi aliingia jikoni kwa mama mkwe kusaidia kazi. Miaka yote iliyopita, wiki ya sikukuu ilimkuta kwenye jiko la hospitali, akiwakorogea wagonjwa uji. Biskuti za mama mkwe zilimfikia zikiwa tayari ndani ya boksi, naye alizila kama watu wengine, mpaka akalamba vidole.

Na maboksi yenyewe! Hiyo ilikuwa kazi ya wifi yake, dada wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Madoido. Madoido alikata kadibodi, akaikunja, akaibandikia nyota za karatasi na maua ya kitambaa, kisha akafunga utepe kwa fundo ambalo mtu alisikitika kulifungua. Kila boksi lilikuwa na kikadi chenye mwandiko wake wa mapambo: "Kutoka jikoni kwa Mama, kwa upendo." Mwaka huo watu walikuwa wameagiza maboksi sitini. Kumi kati yake yalikuwa ya wodi ya watoto, na mpishi ndiye aliyeyapigia debe hospitalini mpaka yakakubaliwa.

"Wifi, kwa kuwa umepata likizo, kamsaidie Mama," Madoido alimwambia kwenye simu. "Mimi maboksi yamenifika shingoni."

Mpishi akaenda. Kabla mwenyeji hajamkaribisha, harufu ilimpokea mlangoni: siagi iliyochacha, kitambaa kilicholala na maji, na chini yake harufu nyingine kali kama mkojo wa siku nyingi. Harufu hiyo aliijua kutoka stoo za vyakula, ila alijifanya haijui.

"Mke wa mwanangu! Ingia, jiko ni lako hili," mama mkwe alisema. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyekaribia miaka themanini. Alipokuwa akiongea alilitazama bega la mpishi akidhani ni uso, kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa ameshayafunika macho yote mawili. "Utaniwia radhi kama kuna kitu kinanuka. Tangu ile homa ya miaka kumi iliyopita pua yangu imekufa, hata kitunguu sikisikii. Lakini mikono inakumbuka, mwanangu. Mikono haizeeki."

Kweli mikono ilikumbuka. Alipima unga kwa kiganja, akavunja mayai kwa mkono mmoja, akakanda huku akisimulia vituko vya mumewe marehemu. Lakini unga ulikuwa unatembea. Mpishi aliinama akaona vidudu vyekundu vikijichimbia, na funza mmoja mweupe akipanda ukingo wa bakuli taratibu, kama mtu anayekwenda zake kazini. Bakuli lenyewe lilikuwa na ukoko wa donge la zamani, mgumu kama kucha. Mama mkwe alipiga chafya, akajifuta pua kwa kiganja, akakirudisha kiganja ndani ya donge.

"Nishushie zabibu, ziko kwenye bati pale juu ya rafu."

Mpishi alilishusha. Mfuniko ulipotelea wapi, haijulikani. Ndani kulikuwa na zabibu kavu, nyeusi, zilizojikunja, na katikati yake nyingine ndogo zaidi, nyembamba, zilizochongoka pande zote mbili. Alichukua moja akaibonyeza. Zabibu hunata. Hii ilivunjika ikawa vumbi la kahawia, na ndani ya vumbi mlikuwa na kijinywele.

Kinyesi cha panya.

Akakumbuka mwaka uliopita, ameketi kitandani na boksi mapajani, akidokoa vile vijizabibu vidogo vilivyokauka juu ya biskuti. Alivipenda kuliko vyote. Alimwambia mumewe vina uchungu fulani mzuri, kama kahawa. Ulimi wake mwenyewe akauona kama kitu cha kutema.

Geti likalia. Madoido alikuwa amekuja kuchukua trei tatu zilizokwisha kuokwa asubuhi. Mpishi alimfuata uani, ameshika vile vitu kiganjani.

"Wifi, hebu tazama hapa."

Madoido hakutazama. Mtu asiyejua kitu angetazama. Yeye aligeuza uso akawa anazipapasa nywele zake.

"Oveni inaua kila kitu," alisema.

"Kumbe unajua," mpishi alisema.

"Wifi, usituletee ya hospitali hapa."

"Tangu lini?"

"Mama akiambiwa aache, atakufa kwa huzuni. Na wateja wanataka mkono wa Mama, wangu hawautaki. Nani ameugua? Nitajie mmoja."

Hapo mpishi akaanza kuunganisha mambo. Miaka minane, kila walipokaa mezani, Madoido alikuwa na sababu ya kutozigusa biskuti. Mara sukari imepanda, mara jino, mara yuko kwenye dayati. Kumbe ndiyo ule uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

"Wewe hujawahi kuzila," mpishi alisema. "Hata moja. Unanifungia mimi kwa utepe, unanitazama nikitafuna."

Midomo ya Madoido iliyopakwa rangi vizuri ilimchefua mpishi kuliko lile bati. Panya ni mnyama, hajui analofanya.

Alirudi ndani, akabeba trei zote tatu, akazimimina kwenye pipa la takataka, na donge akalitupa juu yake. Kisha akachukua ndoo ya maji ya kupigia deki, akaimwaga yote humo, asije mtu akashawishika kuziokota biskuti.

"Una wazimu!" Madoido alipiga kelele. "Maagizo sitini!"

Mama mkwe alitoka akipapasa ukuta. "Kuna nini, wanangu?"

"Zimeungua, Mama," Madoido alijibu papo hapo. Uongo ulimtoka kwa ulaini, wala sauti haikutetereka.

Mpishi alikuwa amekwisha kuchoka na adabu ya kunyamaza. "Hazijaungua, Mama. Naomba mkono wako." Alimwekea zabibu moja, na kando yake kile kingine. Bibi alivisugua vyote viwili kwa vidole. Akavisugua tena, polepole. Tabasamu likafutika usoni.

"Hii si zabibu."

"Si zabibu, Mama."

"Huyu nilikuwa namuuliza kila mwaka," alisema, akimgeukia bintiye kwa kufuata sauti yake. "Namwambia, mwanangu, mimi sioni, zimetoka safi? Ananiambia Mama, hazijawahi kutoka nzuri hivi." Alikwenda kwenye sinki akanawa kwa sabuni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ngozi ikawa nyekundu. "Nimewalisha watoto wa watu mavi. Kwa mikono hii."

Siku hiyo hakuoka tena. Mpishi alipiga simu wodini akafuta agizo, akasema sababu bila kuzunguka.

Lakini Madoido hakukata tamaa. Alinunua biskuti za dukani kwa katoni, akazitoa kwenye nailoni, akazipanga ndani ya maboksi yake na vikadi vile vile, akazisambaza. Siku ya sikukuu simu ya mama mkwe ilianza kulia tangu asubuhi. "Mama, mwaka huu umepatia kweli!" "Mama, hizi zimepita hata za mwaka jana!"

Bibi alisikiliza simu mbili za kwanza bila kujibu neno. Ya tatu akasema, "Hizo si zangu. Na za mwaka jana, kaa chini nikueleze."

Aliwaeleza wote. Mpishi alimbonyezea namba moja baada ya nyingine, na yeye akasema, panya kwa jina lake na kinyesi kwa jina lake. Wengine walicheka wakidhani ni utani. Mmoja alikata simu. Jirani mmoja alisikika akikimbia na mlango wa choo ukibamizwa.

Jioni mume wa mpishi alimwambia mkewe, "Ungemwambia Mama kwa upole kidogo." Mpishi alimuuliza yeye alikula ngapi mwaka jana. Alikwenda kupiga mswaki.

Siku mbili baadaye mama mkwe alimwita bintiye aje kusafisha jiko. Madoido alikuja amevaa glovu za mpira na barakoa, manukato yakimtangulia. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti katikati ya jiko.

"Leo hutakata karatasi," alimwambia. "Sogeza kabati."

Madoido na mpishi walilisukuma pamoja. Nyuma yake, ndani ya mfuko wa unga uliotafunwa, vitoto saba vya panya vilijipindapinda, vya waridi, havina manyoya, vimefumba macho. Madoido alivuta barakoa akatapika kwenye sinki. Mpishi hakumhurumia. Alimsogezea ndoo na brashi.

"Ameona?" bibi aliuliza.

"Ameona, Mama."

"Basi aendelee. Akimaliza hapo, kuna chini ya oveni."