Kidole Gumba cha Kinyozi

Mdogo wangu ni kinyozi, mimi ni fundi cherehani, na tunagawana chumba kimoja cha kazi, pazia katikati. Kwa hiyo mambo yake nayajua. Kabla wembe haujagusa shingo ya mteja, lazima aujaribu kwanza kwenye kidole gumba chake. Ndivyo baba alivyomfundisha. Ukiwa bado mkali haukutupwa. Ulipanguswa, ukajaribiwa tena kidoleni kabla ya mteja wa pili. Wateja walimsifu kwa hilo. Kidole chenyewe kilikuwa na michoro kama ubao wa kukatia vitunguu.

Siku moja gari la wizara ya afya liliingia mtaani na vipaza sauti, na wanaume wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Lilitangaza habari za homa ya ini aina ya C: huenezwa kwa damu, hujificha mwilini miaka mingi, na siku hizi ina vidonge vinavyoiponya kabisa. Serikali ilikuwa inatafiti homa hiyo inapitia wapi, na ilianza na vinyozi. Daktari mtafiti, mama mmoja mpole, aliketi kwenye benchi letu akamtazama mdogo wangu kazini. Hakumkemea. Aliuliza tu kama wembe uliokwaruza kidole ndio huohuo unaokwenda shingoni. Mdogo wangu akacheka, kisha akaacha kucheka.

Kupimwa, hataki. "Dada, nikikutwa na ugonjwa huo, nani atanipa shingo yake tena?"

Nilikasirika. Nikamwambia kinyozi hajinyoi, safari hii namnyoa mimi, na kwamba sina mdogo mwingine wa akiba. Nilimshika mkono hadi kwenye gari.

Alikutwa nao. Aliniambia kwa kunong'ona, lakini mtaa wetu una masikio. Kesho yake makanika tunayemwita Spana, mteja wake tangu ujana, alisimama mlangoni akatangaza kwamba shingo yake haitaletwa hapa tena. Wengine wakamfuata. Mdogo wangu alimeza vidonge vya wizara kila asubuhi, mimi nikimsimamia kama askari, kisha akafagia sakafu isiyo na hata unywele mmoja. Niliumia kumwona.

Gari liliporudi, benchi la vipimo lilibaki tupu kama kiti chake. Sijui alipata wapi moyo. Alimwomba daktari kipaza sauti, akainua kidole gumba.

"Hiki mnakijua," alisema. "Kimewajaribia nyembe miaka yote. Mimi nimepimwa na natibiwa. Nyinyi mnaogopa kiti changu au majibu yenu?"

Watu wakacheka, wakaanza kusogea. Mwenzao alikuwa amekwisha kunyolewa, nao wakatia zao maji. Spana alibaki nyuma amekunja mikono mpaka mkewe alipomsukuma. Naye akakutwa nao. Alitaka kumlaumu kinyozi, lakini daktari akamwambia wembe uliwapitia wote wawili, na hakuna ajuaye nani alimpa nani. Spana akapokea vidonge vyake.

Dozi iliisha, wakangoja, wakapimwa tena. Majibu ya mdogo wangu yalipotoka, kirusi hakikuonekana. Nilipiga vigelegele, mguu ukaisahau pedeli, sindano ya cherehani ikakatika, na sikujali hata kidogo. Siku hiyohiyo wizara ilituletea sanduku gumu la kutupia nyembe zilizotumika, na agizo kwa vinyozi wote: kila kichwa na wembe wake.

Jioni hiyo Spana aliingia, naye amepona, akaketi kitini bila salamu. Watu wakajaa mpaka upande wangu wa pazia. Mdogo wangu alifungua wembe mpya mbele ya macho yake, na kwa mazoea kidole gumba kikaanza kupanda. Spana akakidaka.

"Hiki kimestaafu, ndugu yangu," alisema. "Nyoa."

Kisha akainama, akampa shingo.