Karatasi Moja, Saini Mbili

"Na hii ichane," Jenerali alisema, akiisukuma karatasi kwa ncha ya kidole. "Jina langu liko chini. Tangu lini jeshi likawa chini?"

Mpiga chapa aliichukua. Ilikuwa ya sita tangu saa tatu asubuhi. Amri yenyewe ilikuwa mistari minne tu: askari waliozingirwa kilimani washuke kwa njia ya mtoni kabla ya saa kumi jioni, maana baada ya hapo adui angeifunga, na njia nyingine haikuwepo. Mistari hiyo hakuna aliyeibishia. Ugomvi ulikuwa wa majina yaliyoifuata.

Upande wa pili wa meza Waziri wa Vita alitabasamu. Tangu vita vianze alikuwa amejishonea koti la rangi ya kijeshi, mifuko minne, yote mitupu. "Jeshi ni mali ya wananchi, Jenerali, na wananchi walinichagua mimi. Wewe ulichaguliwa na nani?"

"Na risasi."

Risasi gani, mpiga chapa, mama wa watu, alijiuliza. Mwaka wa tatu huu alikuwa akichapa taarifa za Jenerali, na hakuna hata moja aliyoitoa akiwa mbali zaidi ya bustani ya makao yale makuu.

Alirudi kwenye mashine yake. Kanuni waliitunga wenyewe: kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, walikata shauri kwamba askari wasisogezwe hata hatua moja bila saini zao zote mbili katika karatasi moja, isiyofutwa wala kusahihishwa. Kwa hiyo kila jina lilipohama, yeye alianza upya. Karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, karatasi. Azigonge mezani zilingane, azipachike, azungushe. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha.

Kilimani alikuwako mdogo wake. Mama yao alipofariki, mtoto alikuwa na miaka minne, na dada ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamsomesha. Siku ya kwenda jeshini aliinama kumfunga kamba za viatu, na lile jitu zima lenye ndevu likacheka, "Dada, utaniaibisha mbele za watu." Leo ilikuwa siku yao ya pili bila maji, yeye na wenzake sitini na mmoja.

Saa sita alijaribu kuyaweka majina sambamba, Jenerali kushoto, Waziri kulia. Waziri alisema kushoto ndiko kunakosomwa kwanza. Jenerali alisema kulia ndiko kwenye heshima. Kwa mara ya kwanza siku hiyo waliafikiana: wote wawili walikataa.

"Wazee wangu," alithubutu kusema, "muda unakwenda."

"Mama, mambo ya vita tuachie sisi," Jenerali alimjibu.

"Hapo umenena," Waziri akasema. "Tukale kwanza. Mwenye njaa hafikiri vizuri."

Mlangoni hakuna aliyetaka kutangulia wala kutanguliwa, kwa hiyo walipita pamoja, matumbo yakibanana kwenye fremu. Mpiga chapa aliwatazama. Miaka yote hiyo alikuwa akisimama wanapoingia, akiamini kwamba wakubwa wana hekima isiyoonekana kwa watu kama yeye. Sasa aliona hakukuwa na kitu cha kuonekana. Aliwadharau kwa moyo wake wote, na dharau hiyo ilimtuliza mikono.

Alichagua karatasi nzito, moja tu, bila kaboni. Akachapa amri, na chini yake jina la Jenerali peke yake. Akaichomoa, akaigeuza, akachapa amri ileile nyuma, na chini yake jina la Waziri peke yake. Kisha akaibana kwenye ubao.

Alimkuta Jenerali kwenye kochi akichokoa meno. "Na yule?"

"Hayuko juu yako, mzee."

Jenerali alisaini, kalamu nusura itoboe karatasi.

Alipofika kona ya ukumbi aliigeuza. Waziri alikuwa mbele ya kioo akinyoosha kola. "Na yule?"

"Hayuko juu yako, Mheshimiwa."

Saini ya Waziri ilizunguka mara tatu kabla ya kutua.

Katika chumba cha redio, sajini mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi aliisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma tena. "Mama, hii ni nini?"

"Karatasi moja. Saini mbili."

"Wakijua watakufunga."

"Watagombana kwanza ni nani anifunge."

Sajini aliangalia saa ya ukutani. Tisa kasoro dakika kumi. "Kanuni haikutaja upande," alisema, akavaa visikilizio na kuanza kuita.

Kilima kilipokea amri, kisha kikanyamaza. Saa kumi ikapita. Saa kumi na nusu redio ilikwaruza, na sajini akavua sikio moja la visikilizio akampa. Chini kabisa, ng'ambo ya mto, mtu aliyekauka koo alikuwa akihesabu askari kila walipomfikia.

"Kumi na tisa," sauti ilisema. "Ishirini."

Mlango ulifunguliwa, tarishi akaingia akihema. "Mama, unaitwa! Habari zimetoka kwamba kilima kimetekwa. Wanataka tangazo, sasa hivi."

"Jina la nani liwe juu?"

"Ndiyo balaa lenyewe. Jenerali anasema la Waziri. Waziri anasema la Jenerali. Wanakaribia kushikana mashati."

Kengele ya ukumbi ililia, ikalia tena kwa hasira. Mpiga chapa hakuinuka. Aliliziba sikio lake la pili kwa kiganja.

"Thelathini na saba. Thelathini na nane."

Kisha kimya. Sajini alizungusha kitufe taratibu, kidogo kulia, kidogo kushoto. Mpiga chapa alifumba macho. Kulisikika maji, na mtu mmoja akikohoa, na hatua za viatu vizito zikija juu ya mawe.