Jina kwenye Safu ya Mwisho

Pale halmashauri daftari la vibali vya ujenzi hutolewa kila Jumatatu saa mbili asubuhi, na shemeji yangu hufika saa moja na nusu ili akalie ile ncha ya benchi iliyo karibu na dirisha. Mimi hufika saa moja na dakika ishirini. Sipendi kuamka mapema. Napenda kuuona uso wake akikuta nimeshaketi.

Tangu mume wangu afariki, miaka miwili sasa, hatusalimiani. Yeye ndiye mdogo wake wa pekee, na kabla watu wa msiba hawajatawanyika alikuwa ameshachukua gari, mashine ya kuchanganyia zege na mafundi wote. Mimi nikabaki na pimamaji moja, watoto wawili na hasira ambayo haijapoa hadi leo.

Mafundi tunaofika pale hatusomi daftari kama kitabu. Kila kibali kina mstari wake: kiwanja, mwenye nyumba, namba yake ya simu, aina ya jengo, na mwishoni kabisa safu ya jina la mkandarasi na saini yake. Safu hiyo ikiwa tupu, mwenye nyumba bado hajapata mtu, na hapo ndipo riziki ilipo. Unanakili namba, unapiga simu kabla mwenzio hajafika mlangoni. Ikiwa imejazwa, unapita. Kwa miaka miwili macho yangu yalizoea kuruka kila palipo na wino.

Lakini mimi nilikuwa naokota makombo tu, kuta za uzio na vyoo vya nje, kwa sababu nyumba nzima haikabidhiwi mtu asiye na namba ya usajili. Ombi langu la namba lilikuwa ghorofa ya pili, mezani kwa afisa wa vibali, limepita kote na kubakiza saini yake tu. Niliitaka namba ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya kibao cha ofisi.

Jumatatu moja hapakuwa na safu tupu hata moja. Shemeji alicheka kwa pua, akaondoka. Mimi, kwa ubishi tu, nikabaki nafunua kurasa za nyuma na kusoma zilizojazwa. Ndipo nikamkuta mume wangu.

Jina lake kamili, namba yake ya usajili, saini yake. Nyumba ya ghorofa moja ya muuguzi mstaafu, kibali cha miezi mitatu iliyopita. Nikafunua tena, nikakuta ghala. Nikafunua tena, nyumba nyingine. Marehemu alikuwa na kazi nyingi kuliko mimi niliye hai.

Na ile saini niliijua vizuri mno, kwa sababu niliibuni mimi. Mume wangu alikuwa fundi hodari, lakini kalamu ilimpiga chenga na ofisi zilimtia homa. Miaka minane fomu zote nilijaza mimi, na saini yake nilitia mimi, na ule mkia mrefu unaorudi chini ya jina ni wa mkono wangu. Shemeji alikuwa akikaa pale pale mezani kwetu, anakula chakula changu na kunitazama nikiandika. Kumbe alikuwa anajifunza.

Nikanakili namba ya muuguzi, nikaenda kwenye kiwanja chake. Alinipokea kwa shingo upande, akidhani nimekuja kumpokonya mwenzangu kazi. Akanieleza kwamba mkandarasi wake ni mtu makini ila anaumwa, ndiyo maana mdogo wake anamshikia.

"Kila siku namwombea apone," akasema.

Macho yangu yalikuwa kwenye nguzo. Nyingine zilikuwa zimeshamwagwa zege, lakini mbili za pembeni zilikuwa bado wazi. Nondo zake zilikuwa nyembamba kama kidole changu cha mwisho, na ringi za kuzifunga zimeachana hadi ningeweza kupitisha kichwa. Na juu ya hizo ndipo ghorofa ingekaa, na muuguzi alalae chini yake. Mume wangu angezikuta, angezibomoa kwa mikono yake mwenyewe huku akitukana.

Nikamwambia muuguzi bila kuzunguka kwamba mkandarasi wake ni mume wangu, na nilimzika miaka miwili iliyopita. Alikaa juu ya mfuko wa saruji, akanitazama kama anayesubiri niseme ni mzaha.

Mafundi walikuwa wameshampigia shemeji simu. Alifika akitabasamu, akanivuta kando nyuma ya rundo la kokoto.

"Shemeji, nenda nyumbani kapumzike."

Nilimwambia naenda kuchukua cheti cha kifo, kisha nakipeleka kwa afisa.

"Kipeleke. Nami nitapanda ngazi nyuma yako niwaambie nani alikuwa anatia saini miaka minane. Si ombi lako liko pale pale mezani? Unga wako umwagike na wangu umwagike, twende sawa."

"Na nyumba hii ikimwangukia huyu mama, litatajwa jina la nani?"

"La kaka," akasema kwa macho makavu. "Na kaka hafungwi."

Nilitamani kumpiga na koleo lililokuwa miguuni pangu. Nasema kweli, niliinama kuliokota. Kilichonizuia ni kwamba muuguzi alikuwa anatutazama, bado amekaa kwenye ule mfuko.

Njiani mama mkwe alinipigia, ameshaambiwa. Akanisihi nisiianike familia juani, nikumbuke kwamba wanawe wale ni damu moja. Nikamwambia ni kweli, na damu hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya kaka mtu kuwa kinga ya wizi. Nikakata simu. Wanangu wanaitwa kwa jina la baba yao kila asubuhi darasani. Hilo tu ndilo nililokuwa nalifikiria, na namba yangu, na kibao changu cha ofisi.

Mezani kwa afisa nilianza na cheti cha kifo. Alikisoma, akaagiza daftari lipandishwe, akalinganisha saini za mwaka huu na za zamani. Akasema zinafanana, labda karatasi zilitiwa saini kabla mtu hajafariki. Alikuwa ananipa njia ya kutokea bila kujua, na ningeweza kunyamaza.

Nikaomba karatasi tupu. Nikatia ile saini mara tatu mbele yake, na mkia wake.

"Za zamani zote ni zangu," nikasema. "Mume wangu alijenga, mimi niliandika. Hizi mpya ni za mtu aliyeniiga. Na nguzo za nyumba ile hazifai."

Akachomoa faili langu kwenye rundo. Lilikuwa la juu kabisa.

"Unajua ninachotakiwa kufanya na hili?"

"Najua."

Aliandika mistari miwili, akapiga muhuri wa kulikataa ombi. Mchana ule ule kazi ya kwa muuguzi ilisimamishwa.

Jumatatu iliyofuata nilifika saa moja na dakika ishirini. Shemeji alikuja pia, hana pengine pa kwenda, sasa naye ni wa kuta za uzio. Alikaa ncha ya pili ya benchi. Karani alipoleta daftari nilifunua ukurasa wa muuguzi. Jina la mume wangu lilikuwa limepigwa mstari mwekundu, na chini yake karani alikuwa ameandika mstari ule upya: kiwanja, mwenye nyumba, namba ya simu. Safu ya mwisho ilikuwa tupu.

Niliitazama mpaka machozi yakanitoka, mbele ya shemeji, na sikuona haya. Ilikuwa kazi nzuri, nyumba nzima, mwenyewe ananijua, na sikuwa na cha kuandika pale.

Fundi mmoja kijana aliyekaa kando yangu aliuliza kama nimemaliza kunakili.

"Mwambie huyo muuguzi abomoe nguzo zote," nikamwambia, "hata zilizokwisha kumwagwa." Nikamsogezea daftari.

Shemeji akainuka, akaomba nimpishe alifikie daftari. Sikusogea.