Nafasi Nyeupe Gazetini

Kila Jumanne asubuhi Asukile, mchapaji wa gazeti la kurasa mbili pale Mbeya, alipeleka karatasi zake bomani zisomwe kabla ya kuchapwa. Ndivyo amri ilivyotaka. Karani Edmund alizisoma na kukata yaliyokatazwa kwa wino mwekundu. Alitumia rula ili asichafue maneno ya jirani, kisha akammiminia Asukile chai.

"Habari ya shamba la Tupokigwe haipiti, kaka."

"Hata wiki hii?"

"Hata wiki hii. Ongeza sukari."

Tupokigwe alikuwa mjane. Mzungu mmoja alikuwa ameanza kulichukua shamba lake la maharage apande pareto, na baraza lingeamua mwisho wa mwezi. Mjane alitaka watu wajue mapema, waje kumsemea. Asukile hakuwa na habari nyingine ya kuweka hapo, akaacha nafasi nyeupe.

Waliosoma nafasi ile walinyanyuka shibiri moja kutoka ardhini. Wiki ya pili nafasi iliongezeka, wakafika usawa wa madirisha. Wiki ya tatu ukurasa mzima ulikuwa mweupe, na soko zima likapanda juu ya mapaa, watu wakicheka hadi machozi, vikapu vya viazi mikononi. Waliobaki chini waliwauliza kama huko kuna baridi, wakawarushia mablanketi.

"Sekela, shuka, ugali unaungua!" mume mmoja alimwita mkewe kutoka chini.

"Geuza wewe, baba Yotamu, mimi nasoma!"

Tabu ilikuwa moja. Kwa Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe wake. Akimwona njiani hujificha migombani. Kule juu hapakuwa na mgomba. Tupokigwe akakutana uso kwa uso na mzee Mika, baba wa marehemu mumewe. Alijifunika khanga, akageuka haraka, upepo ukamzungusha mara tatu. Mzee akafumba macho na kusema na kunguru aliyekuwa karibu.

"Kunguru, mwambie mama huyo apite. Mimi leo ni wingu."

Kutoka huko wote waliliona shamba: maharage yameng'olewa, vigingi vimepigwa hadi mtoni. Sasa walijua. Siku ya baraza walikwenda watu mia mbili, Tupokigwe mbele, wakaelea nje ya madirisha ya boma, wakasema yote waliyoyaona. Bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, aliwasikiliza kwa adabu. Kisha akasema sheria inataka shahidi asimame mbele ya baraza, na kati ya hawa hakuna aliyesimama.

Wiki iliyofuata ikatoka amri ya vibali vya kuelea. Edmund aliviandika kwa mwandiko mzuri, na cha Tupokigwe alikiandika kwanza, asichoke kwenye foleni. Kilimruhusu kupita juu ya shamba, ambalo sasa lilikuwa la Mzungu, si kulikanyaga.

Mvua za kupanda zilipoanza, Tupokigwe alichukua jembe lenye mpini mrefu kuliko yote nyumbani, akaelea hadi juu ya shamba, akalishusha. Halikufika chini.