Kengele Isiyolia

Mpelelezi wa kujitegemea waliyembatiza Kobe, maana haraka haikuwa kawaida yake, hakuigusa chai aliyokaribishwa. Katika nyumba ambayo baba mwenye nyumba amepigwa nyundo ya kisogo, unakunywa cha mtu kwa imani gani?

Mjane alikuwa amemwajiri amtoe kitinda mimba wake rumande. Polisi walimshika kwa maneno ya kaka yake, aliyekuwa amenuniana na baba tangu mwaka jana. Kaka mtu alidai mchana ule alimwita baba nje ya mlango wa karakana, akajibiwa, "Niache, nina kazi," naye akaondoka zake. Aliyeingia baadaye ni mdogo wake peke yake.

"Ndivyo ilivyokuwa, mzee," kaka mtu alirudia, akijifuta shingo. "Mimi nisiijue sauti ya baba?"

Maneno yaliyopigwa pasi namna ile Kobe hakuyapenda hata kidogo. Akatoka hadi karakana ya saa, mama na mwanawe wakamfuata. Akaurudisha mlango, akabonyeza kengele. Kimya. Akabonyeza tena, jicho dirishani. Balbu ndogo juu ya meza ya fundi ikawaka.

"Mama, kengele gani hii, inawaka badala ya kulia?"

"Mbwembwe tu za mzee," kaka mtu akadakia.

Kobe hakumtazama. Alimngoja mama aseme.

"Alikuwa hasikii. Kiziwi kabisa, mwaka wa tatu huu. Mlio wa saa aliupima kwa meno, akiibana apate mtetemo wake. Wateja niliwajibu mimi, yeye akitazama midomo yangu. Nani angempa saa yake fundi kiziwi? Tuliwaficha hata watoto."

Kobe alipandwa na hasira. Mama huyu alijua tangu mwanzo kwamba kiziwi hajibu mtu aliye nyuma ya mlango, akamwacha mtoto alale kwenye sakafu ya rumande.

"Mbona hukuwaambia polisi?"

"Wote wawili nimewazaa mimi. Nilitaka aseme mtu mwingine."

Kaka mtu alikuwa ameketi kizingitini.

"Hasikii?" aliuliza taratibu. "Mama, mlango ulikuwa wazi. Niliingia kumwomba radhi. Nilisimama nyuma yake nikaomba, nikaomba, hata kugeuka hakugeuka. Nikaona ananidharau. Nyundo ilikuwa pale pale."

Mama akajishika ukutani.

"Alitaka kuwaambia," alisema. "Mimi ndiye niliyemkataza."