Namba ya Zamani ya Mwalimu Mbaluka

Mwalimu Mbaluka alikuwa bingwa wa kuahirisha mambo, na safari hii tabia hiyo ilitaka kumtokea puani. Duka la mtandaoni alikonunulia michezo yake ya kompyuta lilikuwa linafungwa Ijumaa. Lilikuwa limetangaza mapema kwamba mteja akiunganisha akaunti yake na duka lingine, kila mchezo aliokwisha kuulipia utahamia huko. Mbaluka alisoma tangazo, akasema atafanya kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine mpaka Ijumaa yenyewe ikabisha hodi.

Michezo mingine ingepotea asingelia. Uliomkosesha raha ni mmoja, ule wa kujenga boma porini. Aliujenga na binti yake Mutanu walipokuwa wote nyumba moja hapa Kitui, baba akishika mausi na mtoto akitoa amri. Walikuwa na kisima, zizi, na nyumba ya ghorofa ambayo Mutanu alikataa katakata isiwekwe ngazi, eti ng'ombe watapanda. Kisha ndoa ikavunjika, Roselyne akamchukua mtoto wakahamia kwao Mukuyuni. Siku hizi Mbaluka akienda kumwona, Mutanu hujibu "ndiyo" na "hapana" huku akitazama chini, na baba mtu hajui alikosea wapi. Alitumaini kwamba mtoto akija likizo na kukuta boma lao bado limesimama, huenda ulimi ungelegea.

Tatizo likawa namba ya siri. Duka liliituma kwa simu aliyojiandikisha nayo zamani, na laini hiyo Mbaluka aliitupa baada ya talaka, akijiambia anaanza maisha upya. Ilikaa bila kutumika mpaka ikapewa mtu mwingine. Alipoipiga, akapokea mama mmoja anayeuza matunda kando ya barabara pale Kambu, jina lake Kaveke.

Sasa tuseme kweli. Mtu usiyemjua akikupigia akuombe namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako, katika Kenya hii yetu, utamjibu nini? Kaveke alimwambia ana bahati kwamba yuko mbali, akakata.

Mara ya pili alimkuta amepoa kidogo. Kaveke alimuuliza kwao wapi, na ni mtoto wa nani, kisha akafika pale ambapo Mkamba yeyote angefika.

"Na mbai yenu ni gani?"

Mbaluka akautaja ukoo wao.

"Mimi pia nimezaliwa huko. Haya, niambie mizinga yetu inachorwa alama gani."

Mwalimu akakwama. Nywila za akaunti zake zote alikuwa nazo kichwani, lakini alama ambayo babu zake walichonga kwenye kila mzinga wa nyuki, ili ijulikane asali ni ya nani, hakuwahi kuiuliza. Aliomba muda akampigia baba yake, mzee Ndolo. Mzee alicheka kwanza, halafu akamweleza kwa furaha isiyo kifani, mzinga hadi mzinga, na ilimuuma Mbaluka kumkatiza. Alimrudia Kaveke mbio na kumwambia ni mikato mitatu, na duara chini yake.

"Matapeli hawajui hiyo," mama yule akasema. "Tuma hiyo kitu yako."

Namba ikaingia, Kaveke akamsomea taratibu, na michezo ikaanza kujitokeza upande wa pili mmoja baada ya mwingine. Boma lilikuwepo, na nyumba yake isiyo na ngazi. Mbaluka alishukuru mpaka akaishiwa baraka za kumwombea. Alikuwa karibu kuaga, Kaveke akamzuia.

"Ngoja kwanza. Uko na mtoto anaitwa Mutanu?"

Mbaluka akasema anaye.

"Alikuwa anapiga hii namba na simu ya nyanya yake. Nikishika anasema ni Mutanu, anataka baba. Nikamwambia amekosea, akapiga tena, na tena. Siku moja akaniuliza kama mimi ndiye bibi mpya wa baba yake. Nikakata. Tangu Krismasi hajapiga. Sijui kama nilifanya vibaya, mwanangu."

Mbaluka alimwambia hapana, hakufanya vibaya. Namba yake mpya alikuwa ameigawa shuleni, kanisani, benki, hata kwa Roselyne. Mutanu hakuwa na simu, basi hakumwambia. Haikumpitia akilini kwamba mtoto huyo alikuwa ameihifadhi ile ya zamani kichwani. Aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni.

Akampigia Roselyne, akaomba kuongea na mtoto.

"Ndiyo," Mutanu akasema.

"Mutanu, ile namba ulikuwa unapiga niliiacha. Sikukataa kushika simu yako. Sikujua unapiga. Ni makosa yangu, nilifaa kukuambia."

Upande wa pili kuku walisikika uani.

"Yule mama ni nani?"

"Ni mama wa Kambu. Alipewa laini yangu tu, hata hatujawahi kuonana."

Mbaluka alitaka kumweleza habari za boma, akaona zingoje.

"Sasa unatumia gani?" Mutanu akauliza.

"Hii hii. Iko hapo kwa simu ya mama."

"Hiyo ni simu ya mama. Nitajie niishike kwa kichwa."

Mbaluka akaanza kuitaja polepole, na Mutanu akawa anairudia nyuma yake. Walipofika mwisho aliamriwa aanze tena, naye akaanza tena.