Neno la Mzee Leonidasi

Malori ya Burundi yalikuwa yamelala ng'ambo ya geti la Manyovu, mpakani Kigoma, wiki ya tatu. Pande mbili za mpaka hazikupatana juu ya saa za kufungua geti, likabaki limefungwa, na kila upande ulisema wa kusogea ni mwenzake. Hatimaye wakakubaliana wakutane Kasulu, kamati mbili za ujirani mwema, na Esteri akaitwa kutoka Kibondo aje kutafsiri.

Esteri alizaliwa Kibondo. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, wakalima, wakazeeka, wakapewa uraia. Yeye ni Mtanzania mwenye kitambulisho na kadi ya mpiga kura. Kirundi chake kizuri alikipata kanisani, alikofundishwa kusoma na mkimbizi mmoja mwalimu, Leonidasi Ndayikunda, ambaye baadaye alirudi kwao.

Na asubuhi ile, alipoingia ukumbini, nani amekaa mbele ya ujumbe wa watu wanne kutoka ng'ambo? Mwalimu Leonidasi mwenyewe, mvi kichwa kizima.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Amahoro, Esteri," mzee akajibu kwa Kirundi, akamshika mkono kwa mikono miwili. Hakuongeza neno la Kiswahili hata moja.

Esteri akashangaa. Mzee huyu alikuwa akihubiri kwa Kiswahili sokoni Kibondo mpaka wauza dagaa wakatulia kumsikiliza. Lakini hakuuliza. Alikwenda kukaa kwenye kiti chake, katikati ya meza mbili.

Upande wa Tanzania walikuwa watu kumi na tisa. Mwenyekiti wao, Marselino Komba, alikuwa mtu wa Songea aliyehamishiwa Kigoma mwaka uliopita. Mpole, lakini amezoea kusikilizwa. Wengine karibu wote walikuwa Waha, wenyeji wa huko, na Muha na Mrundi hawahitaji mkalimani. Basi Esteri alijua kwamba kila atakachosema kitapimwa na masikio ya ukumbi mzima.

Marselino alisoma rasimu. Geti lingefunguliwa mpaka saa mbili usiku. Lakini iliandikwa hivi: "Upande wa Burundi unaomba uruhusiwe," na chini yake, kwamba wakisharuhusiwa, malori yao yasipitie tena njia ya kaskazini, ile ya kupitia nchi jirani nyingine.

Wakati wa chai, Marselino alimsogelea Esteri na kikombe mkononi. "Dada, yule mzee anakuheshimu. Mwambie atie sahihi tu. Hilo 'unaomba' ni neno la karatasi. Sisi ndio wenye bandari, sisi ndio wenye barabara. Akiomba anapungukiwa nini?"

"Nitamfikishia, mwenyekiti."

Alimfikishia neno kwa neno. Mzee alitafuna andazi lake polepole, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za mvua.

Kikao kiliporudi, Leonidasi alisimama. Alishukuru kwa mapokezi, akashukuru kwa miaka ambayo ardhi hii iliwalisha watu wake. Kisha akaweka mikono mezani. "Ntidusaba. Turumvikana."

Waha walikuwa wameshaelewa. Sasa walimtazama Esteri.

Njia rahisi ilikuwepo, naye aliiona. Angeweza kusema, "Tunaomba tupatane," na Marselino angetabasamu, na malori yangeondoka kesho yake. Nani angemlaumu kwa kulainisha? Mkataba ungeinufaisha nchi yake mwenyewe. Lakini mtu mzima alikuwa amevuka mpaka kuja kusema maneno mawili, na maneno hayo yalikuwa mikononi mwake.

"Hatuombi," akasema Esteri, sauti ikamtoka safi. "Tunapatana."

Marselino akakunja uso. "Umetafsiri sawasawa?"

"Sawasawa, mwenyekiti. Waliopo hapa ni mashahidi."

Muha mmoja mezani kwa Marselino akaguna, "Ndivyo alivyosema."

Leonidasi aliendelea, kituo kwa kituo, akimsubiri Esteri. Nchi yao ni ndogo, alisema, lakini ina majirani watatu, na asubuhi huwasalimu wote watatu. Malori kumi na moja yalizungukia kaskazini wiki hizi. Njia ndefu, mafuta mengi, ila yalifika. Na huko Manyovu, je, wenye nyumba za wageni wamelaza nani? Wanawake wa mawese wamemuuzia nani? "Sisi tunapenda njia yenu kuliko zote. Lakini aliyekatazwa njia nyingine hawezi tena kusema anapenda hii."

Marselino alitoka nje na simu yake. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alichukua kalamu, akafuta kifungu cha kaskazini kwa mstari mmoja. Pale penye "unaomba" akaandika "pande zote mbili zimepatana". Lakini saa hakuziacha kama zilivyokuwa: geti litafungwa saa kumi na mbili jioni, si saa mbili. Leonidasi alilipinga hilo, akashindwa, akakubali.

Walipokwisha kusaini, mzee alimgeukia Esteri. "Mama yako hajambo? Bado analima maharage kule bondeni?" Kiswahili cha Kibondo, hakijachuja hata kidogo.

Marselino akageuka. "Kumbe Kiswahili unakijua, mzee!"

"Nimekaa Kibondo miaka kumi na miwili, mwenyekiti."

"Sasa mbona umetutesa kutwa nzima?"

"Ningesema Kiswahili, ningekuwa mkimbizi wenu aliyerudi kuwasalimia. Nimesema Kirundi, tumekuwa nchi mbili."

Marselino alimtazama, kisha akacheka, akampa mkono, na safari hii aliinama kidogo kama mtu anayemsalimu baba yake. Kifua cha Esteri kilijaa. Alijivunia mzee aliyekataa kuinama. Alijivunia pia nchi yake, kubwa, yenye nguvu ya kukataa, iliyokubali kusikia.

Katibu alimsogezea karatasi, sehemu ya mkalimani. Miaka yote, kwenye fomu za shule na za kazi, alikuwa akiandika "Esteri N.", akificha jina lake la Kirundi ili asiulizwe kwao ni wapi. Akashika kalamu, akaandika taratibu, herufi kwa herufi, mpaka jina likavuka ukingo wa mstari: Esteri Niyubahwe, Kibondo, Tanzania.